Maharagwe Sita Niliyoyarudisha Chupani

Adelphi, Jumamosi alasiri

Wakio wangu,

Unisamehe kwa kuchelewa hivi. Barua hii ilikuwa uipate wiki tatu zilizopita, na leo ni mwisho wa mwezi wa nane, gari lako limeshajaa vitu mpaka kioo cha nyuma hakionekani. Nimeianza mara nne nyuma ya karatasi za ratiba ya shifti, na mara zote nne niliitupa hukohuko kazini, usije ukaiona kwenye pipa letu. Sasa umetoka kwenda kubadilishiwa magurudumu hapo University Boulevard. Umesema hutakawia. Mimi naijua foleni yao ya Jumamosi, kwa hiyo nimefuta meza, nimekaa.

Sikuandikii habari za sweta wala za kupima mafuta ya gari. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaniuliza kwa simu ukiwa umeshaharibu, kama kawaida yako. Nina neno moja tu, na nalitoa hapa juu kabla sijaogopa.

Ile miezi sita ya mkopo wako wa shule, ambayo umegombana na watu wa mkopo kwa simu wiki tatu nzima ukiwaambia wameipoteza, hawakuipoteza wao. Niliipoteza mimi.

Usiinuke kwenye kiti. Soma mpaka mwisho, halafu ndiyo unigombeze.

Unakumbuka siku uliyonieleza hiyo sheria mpya. Nilikuwa nachambua maharagwe hapa mezani, bado nimevaa nguo za kazi, na wewe ukaingia na karatasi zako, uso unang'aa, ukasema kwa Kiingereza chako cha mbio mambo ambayo sikushika hata nusu. Nikakwambia, "Wakio, mimi niliishia kidato cha pili. Nieleze kama unayeniuzia nyanya." Ukacheka. Ukachota maharagwe kwenye sinia yangu, ukahesabu mia na ishirini, ukayatia kwenye ile chupa tupu ya jemu. Ukaniambia kila haragwe ni mwezi mmoja. Wakili akienda kufanya kazi ya kutetea watu wasio na pesa, mshahara wake ukawa mdogo, serikali inamruhusu alipe mkopo wa shule kidogo kidogo, kulingana na anachopata. Akishalipa mara mia na ishirini, kila mwezi kwa mwezi wake, na kazi ni ya aina hiyohiyo, deni linalobaki wanalifuta. Miaka kumi. Nikakuuliza kama wanalifuta lote. Ukasema lote. Nikakuuliza kama hao watu wana akili timamu, na wewe ukacheka mpaka ukashika tumbo.

Chupa ukaniachia mimi. Tangu mwezi wa kumi na mbili, kila benki yako ilipokata malipo, nilikuwa natoa haragwe moja naliweka kwenye kikombe kile kisicho na mkono. Desemba, Januari, Februari. Sijawahi kuona kitu kizuri kama deni linalopungua kwa macho.

Lakini lile neno "kwa mwezi wake" nililisikia bila kulisikia. Sasa nimelielewa. Ni lazima mwezi udaiwe kwanza, ndipo ulipe, ndipo wakuhesabie. Ukilipa mwezi ambao hudaiwi, pesa wanachukua lakini haragwe halitoki. Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kusikia deni linalomkataza mtu kuharakisha.

Mwezi wa pili ikafika zamu yangu ya chama. Unatujua tulivyo, wanawake wanane, kila mwezi tunachanga na mmoja anabeba zote. Mama Kevo, mwenyekiti wetu, alinipa bahasha mbele ya wote akasema, "Mama Wakio, safari hii ununue kochi. Tumechoka kuchomwa na springi zako kila tukija kusali." Watu wakacheka, na mimi nikasema ndiyo, kochi. Asubuhi yake ikaja ile bahasha ya watu wa mkopo. Wewe hukuwa unazifungua, kwa sababu benki ilikuwa inakata yenyewe. Nikaifungua mimi. Ndani mna kipande cha kuchana chenye jina lako na namba yako. Nikaenda posta, nikanunua hawala, nikaandika namba yako kwa herufi kubwa kubwa ili mashine isikosee, nikakulipia miezi minane ya mbele. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia kama mtu aliyenunua shamba.

Kuanzia Machi karatasi zao zikaanza kuja zikisema hudaiwi kitu. Nilizificha ndani ya Biblia kubwa ya bibi yako, nikitaka nikuonyeshe Krismasi, nione utakavyofungua macho. Na benki yako ikaendelea kukata na kupeleka, Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti. Pesa zinafika, na mwezi hauhesabiwi. Na mimi huku natoa haragwe, natoa haragwe.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ulikuwa sahihi kwamba hukukosea kulipa, nao walikuwa sahihi kwamba hawakukosea kuhesabu.

Nataka ujue ujinga huo ulitoka wapi, si ili unionee huruma. Babu yako alikuwa na deni la ushirika, la pampu ya maji ya kumwagilia kabeji. Hakumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na moja siku dalali alipopanda kwetu na vijana wawili, babu yako yuko shambani, na wakachukua cherehani ya mama. Mama alikuwa anashona sare ya mtoto wa jirani, kitambaa bado kiko chini ya sindano. Hakulia, hakubishana. Alimwomba dalali amruhusu akate uzi. Yule mtu akasubiri, mama akakata uzi kwa meno, akatoa kitambaa, na cherehani ikateremka na njia. Basi mimi nikajiwekea ndani yangu kwamba deni ni mtu anayekuja kwako kwa miguu, na dawa yake ni kutoka ukamkute mbali kabla hajaiona nyumba. Ndiyo maana mimi kodi nalipa kabla ya tarehe. Ndiyo maana ulipokuwa mdogo ulikuwa na tikiti za basi za mwezi ambao haujaanza. Ulikuwa unanicheka.

Mara moja tu nilichelewa, nayo unaikumbuka kuliko mimi.

Tulikuwa Bladensburg, una miaka kumi na miwili, na mimi mgongo ulikuwa umekataa baada ya kumwinua peke yangu mzee mmoja mzito niliyekuwa namtunza kazini. Mwenye nyumba akatushtaki kwamba tuna deni la miezi miwili, na mmoja nilikuwa nimeulipa, risiti ninayo. Ukakosa shule siku hiyo ili unitafsirie mahakamani kule Hyattsville. Korido imejaa watu, watoto, watu wamebeba makaratasi kwenye mifuko ya plastiki. Pale dirishani kulikuwa na meza ya kukunja, na kijana amekaa nyuma yake, wakili wa wale wasiolipwa na mteja. Alipokunja mguu niliona soli ya kiatu chake cha kulia imeachama, ameishika kwa gundi na gundi imeachia. Nikakwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Twende zetu. Huyu hata viatu hana, atatusaidia nini?" Ulinitoa karatasi mkononi ukampa.

Alizisoma hazikufika dakika kumi. Akaingia nasi ndani, akamwomba mwenye nyumba aonyeshe ile barua ambayo sheria ilimtaka atutumie kabla, na mwenye nyumba akapapasa mifuko yake yote kama anayetafuta funguo. Hakuwa nayo. Tukabaki ndani ya nyumba mpaka ukamaliza mwaka wa shule. Nilitaka kumpa yule kijana chochote, akakataa, akakupa wewe mkono kama mtu mzima, akarudi kwenye meza yake ambako foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kanisani nilitoa ushuhuda kwamba Mungu ametutetea. Yule kijana sikumtaja. Niliona aibu kusema tumetetewa na mtu mwenye kiatu kile.

Na hili la viatu nalo nikueleze, kwa sababu siku zote unanisema kwamba naangalia watu miguu kabla ya uso. Nilikuzaa na miaka kumi na saba, na nilikuacha kwa bibi yako una mitano. Nilisema naenda ng'ambo mwaka mmoja. Ikawa mitano. Simu ilikuwa ghali, picha zilikuwa chache, na kitu pekee cha mwili wako nilichoweza kukishika ni mguu. Bibi yako alikuwa anakusimamisha juu ya karatasi, anapita na penseli kuzunguka mguu wako, anaikunja anaitia kwenye barua. Mimi nachukua karatasi ile naenda nayo dukani, naiingiza ndani ya kiatu, nikiona inakaa nanunua. Nimewahi kukaa sakafuni katika duka la viatu nikinusa karatasi. Muuza duka akaniuliza kama naumwa.

Siku ulipotokea pale uwanja wa ndege wa Dulles, umeshikwa mkono na yule mama mhudumu wa ndege, nilikuona unaburuza miguu. Viatu nilivyokununulia vilikuwa vikubwa mno hata bibi yako alivijaza magazeti. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa analaza penseli akichora, na kila mara mguu ukatoka mkubwa kuliko ulivyo. Miaka mitano nilikuwa namvisha mtoto wa karatasi. Wewe mwenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na ulinisalimia kwa adabu kama shangazi wa mbali.

Basi ndiyo hivyo. Kwangu mimi kiatu kizima maana yake kuna mtu mahali fulani anakufikiria. Kiatu kilichoachama maana yake huna mtu. Sikujua kwamba kinaweza pia kumaanisha kwamba umewafikiria watu wengi mno.

Mwaka uliofuata mgongo ulipona, nikapika chapati, tukampelekea yule kijana. Mezani tulimkuta mwanamke mwingine ambaye alikuwa anakusanya vitu vyake. Akatuambia ameondoka, sasa yuko kwa mawakili wa benki mjini, mkopo wa shule ulimshinda. Alisema hata yeye anamaliza mwezi huo, sababu ni hiyohiyo, na meza ingekunjwa mpaka apatikane mtu. Tukampa chapati zote isipokuwa mbili. Kwenye basi, tulipokaribia mto, ukaniuliza, kwa Kiswahili, wewe ambaye ulikuwa umeshaanza kunijibu kila kitu kwa Kiingereza:

"Mama, sasa nani anakaa pale dirishani?"

Nikakujibu, "Kula chapati."

Hilo ni kosa langu ambalo nimelifikiria kuliko yote. Lilikuwa swali zuri kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa, nami nilikuwa nimechoka, miguu inaniwaka, nikakunyamazisha kwa chakula. Ukala. Lakini nikikutazama miaka hii yote, chuo, shule ya sheria, mwaka huu mmoja uliokaa na wapangaji wa Hyattsville kwa mshahara ule, naona ulikuwa bado unajijibu mwenyewe.

Na mwaka huu, ulipopata hii kazi ya kule milimani West Virginia, mji ambao wewe mwenyewe unasema una taa mbili za barabarani na moja haifanyi kazi, nilikwambia maneno. Nilikwambia sikuwageuza wazee wa watu kitandani miaka ishirini ili mtoto wangu aende kuwa maskini kwa kupenda. Ulisimama kwenye sinki ukaosha vyombo, ukaviosha mpaka vilivyokuwa safi. Sijawahi kuyaondoa maneno hayo. Nayaondoa leo. Na Mama Kevo na wenzake nimewaambia umepata kazi mjini, ofisi ya vioo. Kila mwezi ananiuliza, "Na wakili wetu, hilo kochi linakuja lini?" Jumapili ijayo nitawaambia ukweli, na kochi wasahau.

Sasa nifike mahali penyewe panaponiuma.

Siku ya kwanza ulipowapigia watu wa mkopo, nilikuwa hapohapo, namenya viazi. Nilikusikia ukiwauliza miezi mingapi imehesabiwa, halafu nikakusikia ukisema, "Three?" Nikaelewa kabla yako. Nikasema moyoni, akikata simu namwambia. Ukakata, ukageuka, ukaegemea friji.

"Mama, hawa ni waongo," ulisema. "Kama mwaka wa kwanza wanapoteza miezi sita, mwaka wa kumi watapoteza nini? Nitakaa kule miaka kumi, halafu waniambie hawanijui?"

Halafu ukasema ile kampuni ya bima ya Virginia, hapa karibu, iliyotaka kukuajiri, bado inakungoja. Kwamba wakati huu watu wanavyoachishwa kazi kila mahali, wamekuwa wavumilivu kukupa muda, na wanataka jibu lako Jumatatu. Jumatatu hii inayokuja, Wakio, siku moja baada ya kufika kule.

Ile hawala ya posta ilikuwa ujinga wa mtu anayependa. Nitaulizwa juu yake na nitajibu. Lakini pale, na kisu mkononi, niliwaza jambo jingine. Niliwaza kwamba nikinyamaza tu, bila kusema uongo hata mmoja, unarudi. Utaenda milimani Jumapili na gari limejaa, Jumatatu utawapigia wa Virginia, na kabla ya mwezi mmoja kupita utakuwa karibu, unakuja kula hapa kila Jumapili, una bima ya meno, una viatu. Na Mama Kevo sitakuwa nimemdanganya. Nilimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama jiwe la kuchezea. Na wiki tatu nimeendelea kumenya.

Juzi Alhamisi nimerudi kazini nikakukuta umekaa hapo mlangoni, umetandaza gazeti, kiatu chako cheusi cha mahakamani umekipindua, unatia gundi kwenye soli. Nikacheka, si unakumbuka? Ukasema, "Vitafika tu mwisho wa mwezi ujao." Nikaingia bafuni nikafungua maji. Sikuwa naoga.

Jana wakati wa mapumziko niliwapigia watu wa mkopo mimi mwenyewe. Hawakukubali kuzungumza nami habari zako, kwa sababu mkopo si wangu, na nikawaheshimu kwa hilo. Lakini dada aliyepokea alikuwa mpole. Aliniambia kwamba mwenye mkopo mwenyewe anaweza kuwataka waiondoe hiyo hali ya kulipa mbele, na wakishaiondoa, mwezi unaofuata utadaiwa kama kawaida na utahesabiwa. Usipowaambia, Septemba na Oktoba nayo itapotea. Kwa ile sita iliyopita hakuniahidi kitu. Alisema pengine, na nilivyomsikia, hata hilo pengine lilikuwa la kunifariji. Kwa hiyo huenda utamaliza nusu mwaka baadaye kuliko ulivyopanga. Nusu mwaka huo nimekuchukulia mimi, wala sijui nitakurudishiaje.

Asubuhi ulipokuwa unapakia nilirudisha maharagwe sita chupani. Kikombeni yamebaki matatu. Chupa iko dirishani, utaiona ukiingia.

Sasa nakwambia hivi, na hili ni la mama yako, si ombi. Usiende milimani kwa sababu mimi nimeona aibu, na usigeukie Virginia kwa sababu mimi nilinyamaza. Ukitaka Virginia, nenda kwa sababu unaitaka, na nitakupikia Jumapili na sitakuuliza kitu. Lakini hutaiacha ile meza kwa uongo uliopikwa jikoni mwangu. Sheria haikukudanganya. Watu wa mkopo hawakukudanganya. Ile sheria inafanya vile ulivyonieleza siku ile na maharagwe, polepole, mwezi kwa mwezi wake. Aliyeharakisha ni mimi.

Nimekaa hapa nikifikiri kwamba mimi nimekuwa mtu wa kulipa mbele siku zote. Hata wewe nilikulipia mbele. Miaka mitano nilituma viatu, nikatuma karo, nikatuma nguo za ukubwa unaofuata, na vyote vilifika. Lakini mwezi wenyewe ulipofika, jino lako lilipong'oka, ulipougua surua, sikuwapo. Pesa zilifika na mwezi haukuhesabiwa. Hujawahi kunilaumu, na mimi sijawahi kukuomba msamaha, nilidhani viatu vimeshasema. Nakuomba leo, kwa hiyo miaka mitano na kwa hii miezi sita pamoja.

Ungekuwa na mama aliyesoma, angekusomea zile karatasi badala ya kuzificha ndani ya Biblia. Lakini ni mimi uliyempata. Nakupenda kwa namna ambayo inanifanya nifanye mambo ya kijinga posta. Ukimaliza kukasirika, nipigie. Ukikasirika mwezi mzima, nipigie mwezi ukiisha. Nitakuwa sijahama.

Nasikia gari chini. Sivyo, ni la jirani. Nina dakika mbili tatu.

Mama yako

Vitu ninavyohitaji unitumie. Ukienda Virginia, nitumie hicho cha mwisho tu.

Anwani yako mpya. Na uwaambie watu wa mkopo barua zao zije huko moja kwa moja. Sitaki tena kushika bahasha yako.

Ile karatasi ya kiapo ambayo huwa unawaandikia wateja wako. Andika kwamba hawala ile niliinunua mimi, wewe hujui, na uache nafasi ya sahihi yangu. Pale benki kuna mtu wa kugonga muhuri. Kama itarudisha hata mwezi mmoja, nimeridhika.

Nakala ya barua ya bosi wako kila mwaka, inayosema bado uko kazini kwake. Biblia ya bibi yako sasa ina nafasi.

Kila wanapokuhesabia mwezi, postikadi yenye namba. Si lazima uandike kitu kingine. Utaanzia nne. Haragwe sitoi mpaka nione namba kwa mwandiko wako.

Kifuniko cha sufuria kubwa. Umekipakia kwa bahati mbaya, sufuria iko hapa.

Na mguu wako. Nimewekewa kando jozi nyeusi ya ngozi, soli ya kushonwa, lakini sinunui kwa kukisia tena. Weka karatasi sakafuni, si kwenye zulia. Vua soksi. Simama kwa uzito wako wote. Penseli isimame wima, usiilaze.